Twiga wa Longonot na Gemu ya Treni ya Baba

Leo nimejianika. Nimejianika sebuleni kwa wazazi wangu, Bondeni, saa tisa mchana, mbele ya wazee wawili wa heshima waliokuja na maombi na mfuko wa ndizi. Sasa niko kwangu Kiamunyi, nimefunika uso kwa mto wa kiti, naandika kwa kidole kimoja. Naomba msome mpaka mwisho kabla hamjaanza kutuma zile nyuso zenu za kucheka.

Na kabla sijaendelea, wengine wenu humu kwenye kundi mna mkono kwenye hii kesi. Mnajijua. Ni nyinyi mliosema "Nafula, ongeza ingine." Nikaongeza.

Kwa wale ambao hawamjui Baba: Baba yangu alikuwa dereva wa gari la moshi. Ukisema "alifanya kazi reli" atakukatiza hapohapo. Dereva. Alikuwa anatoa gari la abiria Nairobi na kulileta Nakuru, na alipostaafu akawa anatembea kila asubuhi mpaka stesheni kuangalia kama kuna kitu kinapita. Mwaka huu magoti yamekataa. Sasa anashinda kwenye kiti karibu na dirisha, na honi ikilia kule mbali anauliza, "Hiyo ni ya saa ngapi?" Nyumba nzima hakuna anayejua. Hilo swali limekuwa likiniuma sana.

Na ana sifa moja tu anayojivunia, sio mbili. "Mimi sikuwahi kuchelewesha gari." Amelisema kwenye mazishi. Amelisema kanisani siku ya kutoa ushuhuda. Alilisema kwenye harusi ya kaka yangu, na alikuwa ameombwa aongee kuhusu ndoa.

Mimi nami mnanijua. Mchana nipo maabara napima damu za watu, jioni nafufua gemu za kompyuta ambazo waliozitengeneza walishazisahau. (Ndiyo, nina miaka thelathini na minne. Ndiyo, nina kazi ya maana. Tuendelee.) Baba hajawahi kuelewa. Kila nikienda anauliza, "Mama, wewe mtu mzima, bado unacheza?" Ananiita mama kwa sababu nimerithi jina la mama yake, kwa hivyo hata akinigombeza inabidi agombeze kwa adabu.

Sasa, miezi miwili iliyopita nikapata CD moja kwenye katoni ya vitu vya mitumba. Gemu ya kuendesha treni, ya zamani kweli. Nikaona Mungu amenijibu. Nitaiweka kwenye laptop, nitaibadilisha reli iwe yetu, Baba aendeshe kutoka Longonot mpaka Nakuru akiwa amekaa kwenye kiti chake.

Kwanza laptop za siku hizi hazina hata mahali pa kuingiza CD. Nikaazima kifaa kazini. Halafu mfumo mpya wa laptop ukaikataa gemu kama mtoto anayekataa dawa. Nikaidanganya kwamba tuko miaka ile ya zamani. Ikafunguka, lakini kwa kidirisha kidogo cha ukubwa wa stempu. Nikarekebisha ukubwa, anga likawa zambarau. Nikarekebisha anga, treni ikaanza kukimbia bila reli. Wiki tatu zilienda hapo.

Kubadilisha mandhari ndiyo ilikuwa kazi. Ile gemu ni ya nchi za baridi. Nikatoa milima yao, nikaweka Longonot niliyoipiga picha mwenyewe. Nikaandika vibao vya stesheni: Longonot, Naivasha, Gilgil, Nakuru. Nikafungua kwa furaha, nikakuta Longonot imeangukiwa na theluji na abiria wamevaa makoti mpaka masikioni. Theluji nikaitoa. Makoti yalinishinda, nikasema basi, hata Gilgil asubuhi kuna baridi.

Ikabaki sauti. Ndani ya gemu kuna mtangazaji wa stesheni, na kazi zake ni tatu: anaongea milango ikifunguliwa, anaongea milango ikifungwa, na gari likichelewa kuondoka anatangaza, tena anarudia, mpaka dereva aone aibu aondoke. Nilimwomba dada mmoja wa kwaya yetu anirekodie Kiswahili kizuri. Akasema nimpe wiki moja. Mimi nikataka kujaribu kama sauti zinaingia, nikarekodi yangu ndani ya gemu yenyewe, kwa muda.

Ningesema "moja, mbili, tatu" tu. Mtu mwenye akili angesema "moja, mbili, tatu".

Mimi nikamwigiza Baba. Sauti nzito, kikohozi, yote. Tena nikachukua siri ambayo Mama aliniambia siku moja tukimenya viazi, akaniapisha nisiitoe. Siri yenyewe ni kwamba Baba akifika Longonot, gari likitakiwa kusimama dakika tano, yeye alikuwa anashuka kuchagua kabichi. Mama anasema zilikuwa kabichi nzuri sana, na Baba si mtu wa kuchagua kabichi haraka. Akifika Nakuru amechelewa, anamwambia stesheni masta kwamba kulikuwa na twiga kwenye reli.

Niliwatumia hizo rekodi. Mlicheka mpaka mmoja wenu akasema amemwaga uji. Nikavimba kichwa.

Alhamisi dada wa kwaya akaleta sauti zake, tamu, kama mtu anayesoma matangazo ya ndoa. Nikazinakili kwenye folda ya gemu juu ya zangu. Nikaifungua gemu kwa ile ruhusa kubwa ya administrator (kumbukeni hilo) nikasikiliza zote tatu. Safi kabisa. Nikaenda kulala nikiwa mtoto mwema wa wazazi wangu.

Leo ndiyo siku. Wageni walikuwa wawili. Mzee Koech alikuwa gadi kwenye gari la Baba miaka mingi, yule wa bendera na filimbi. Mzee Njoroge alikuwa stesheni masta wa Nakuru, na mpaka leo huvaa tai akienda kumtembelea mtu. Walikuja kumwona Baba kwa sababu ya magoti, mara ya kwanza tangu aache kutoka nje. Mama alikuwa amepika chai tangu saa saba. Mzee Njoroge aliomba, akaombea magoti yote mawili, kila moja kwa zamu yake.

Baba hakungoja hata chai imiminwe. "Nafula amenitengenezea kitu," akasema. "Mama, onyesha wazee."

Mlisikia hivyo? "Amenitengenezea." Sio "anacheza". Nilikuwa nimesubiri neno hilo tangu kidato cha pili.

Nikaunganisha laptop na TV. Nilikuwa nimemwekea Baba alama ya treni pale mbele kwenye skrini, abofye tu mwenyewe bila kuniita. Nilitaka kufungua mimi, lakini Mzee Koech akasema, "Wacha dereva awashe gari yake." Baba akabofya.

Longonot ikajaa kwenye TV. Mlima, stesheni, reli mbili, anga la bluu. Baba akaegemea mbele. Akasogeza kiti karibu, na magoti yake yote. Kisha akanyoosha kidole, akasema polepole, "Hapo ndio kulikuwa na tangi ya maji."

"Hapo kando ndio mimi nilikuwa nasimama," akasema Mzee Koech.

"Hawa watu mbona wamevaa makoti?" akauliza Mzee Njoroge.

"Ni asubuhi," akasema Baba, kwa sauti ya mtu aliyekuwepo.

Jamani, macho yangu yalijaa machozi. Nawaambia ukweli. Nilimwangalia Baba akishika kile kipanya kama usukani wa kitu kikubwa, nikasema moyoni, hata nikifa leo. (Ningekufa hapo ingekuwa afadhali.)

Baba akafungua milango ya abiria. Nikatega sikio nimsikie dada wa kwaya.

TV ikakohoa.

Kile kikohozi nilikijua. Kilikuwa changu. Halafu sauti nzito ikajaa sebule nzima: "Abiria wangu, kaeni chini. Mimi sikuwahi kuchelewesha gari. Goti likipona tutaondoka."

Mzee Koech akaangalia TV. Akamwangalia Baba, ambaye mdomo wake ulikuwa umefungwa. Akaangalia TV tena.

"Huyo ni nani?" Baba akauliza.

"Ni sauti ya kujaribu tu, Baba. Ngoja niizime kidogo."

"Usizime. Iko na adabu, imesema kaeni chini." Na wazee wakacheka kidogo, cheko la upole. Nami nikajichekesha, huku jasho likianza kazi yake mgongoni. Kwa sababu mimi nilijua ya pili na ya tatu, na wao hawakujua.

"Baba, usifunge milango," nikasema.

"Gari iende milango wazi? Wewe unataka watu waanguke?" Akafunga milango.

"Mama, hiyo kabichi ni ndogo," TV ikasema. "Nipe ile ya nyuma. Hapana, ile ingine. Gadi, shika gunia."

Mzee Koech alikuwa na chai mdomoni. Sehemu ilirudi kikombeni, sehemu ikaenda kwenye suruali. Baba akaacha kipanya, akaweka mikono yote miwili juu ya magoti, akawa anaangalia mlima tu. Sijawahi kumwona akiwa hivyo. Uso wake ulikuwa wa mtu ambaye amekutwa.

Hapo ndipo nikaona ile saa ndogo kwenye kona ya gemu. Ilikuwa imebaki dakika moja gari liondoke. Ikiisha, inakuja ile ya tatu, na ile ya tatu ina jina la mtu, na huyo mtu amekaa mita moja kutoka kwangu na tai yake.

"Baba, toa gari," nikasema.

Akaendelea kuangalia mlima.

"Baba, tafadhali, gari liondoke. Utachelewa."

Fikirini hilo. Mtu ambaye maisha yake yote hakukubali kuambiwa amechelewa, leo naomba aondoke na hataki. Nikabonyeza kitufe cha kutoka. Gemu ikauliza kama nina uhakika, lakini swali lenyewe lilikuwa nje ya skrini, kwa sababu ukubwa niliurekebisha mimi mwenyewe. Nikabonyeza tena. Ikauliza tena, hukohuko nje. Nikachomoa waya wa TV.

Picha ikapotea. Nikashusha pumzi. Sauti ikahamia kwenye laptop, ndogo, wazi kabisa, na sebule ikiwa kimya kama kanisa:

"Njoroge akiuliza, mwambie ni twiga."

Na kwa kuwa gari lilikuwa limechelewa, na kwa kuwa mtangazaji hurudia:

"Njoroge akiuliza, mwambie ni twiga."

"Njoroge akiuliza, mwambie ni twiga."

Nilikuwa nimeshikilia kitufe cha kuzima kwa dole gumba, mkono mwingine nimefunika spika. Ilisema mara tano kabla ya kuzimika. Mama alikuwa amesimama mlangoni na birika, amesikia zote tano.

Mzee Njoroge akaweka kikombe chini. Akanyoosha tai.

"Kwa hivyo yule twiga," akasema.

Baba akaangalia dirishani.

"Miaka hiyo yote nimeandika twiga kwa kitabu ya stesheni. Nimeandikia wakubwa Nairobi barua juu ya twiga. Hata watu wa wanyamapori walikuja, wakakaa Longonot siku mbili wakimtafuta."

"Niliwaona," Baba akasema kwa sauti ndogo. "Niliwapungia mkono."

"Mimi nilikuwa nahurumia huyo mnyama. Nilikuwa nasema ni mmoja, amepotea wenzake."

Mimi nilikuwa nimepiga magoti karibu na laptop, sijui kwa nini, labda mwili ulijua ni wakati wa kuomba. Nilitaka kumrudishia Baba ile reli yake, na badala yake nimemchukulia sifa yake moja, mbele ya watu wawili tu duniani ambao maoni yao anayajali. Nikasema, "Mzee Njoroge, ni makosa yangu. Nilikuwa natunga."

"Mtoto hawezi kutunga kabichi," akasema Mzee Njoroge.

Halafu Baba akageuka. "Njoroge. Zile kabichi nilikuwa nakuletea kwa ofisi, ulikuwa unafikiri zinatoka wapi?"

Mzee Njoroge akafikiri. "Ulisema ni za shamba yako."

"Mimi naishi Bondeni. Nyumba ya kaunsili. Shamba gani?"

Mzee Njoroge alikuwa anatafuna jambo ambalo alilimeza zamani. Kisha mabega yake yakaanza kutikisika, nikadhani analia, nikainuka kumshika. Alikuwa anacheka. Alicheka mpaka tai ikaenda begani. Mzee Koech naye akashindwa, akakiri kwamba yeye ndiye alikuwa anazipiga konzi kujua kama zimeshika ndani, kwa sababu Baba hajui kuchagua kabichi hata kidogo. Baba alicheka mwisho, na akacheka akiwa ameshika magoti.

Mimi nikadhani nimepona. Nikaanza kukusanya waya zangu polepole.

"Nafula," Baba akasema. "Nani alikuambia hii maneno?"

Wote wanne tukaangalia mlangoni. Mama hakuwepo. Jikoni tukasikia maji yakifunguliwa kwa nguvu.

"Sawa. Basi simama wewe. Hiyo sauti ifanye hapa, wazee waone vile unanichukulia."

"Baba, tafadhali."

"Simama."

Nikasimama. Mwanamke mzima, mtu wa kupima damu, katikati ya sebule, nikakohoa, nikaomba kabichi. Mzee Koech akasema gadi hashiki gunia hivyo, nirudie. Nikarudia. Mzee Njoroge akataka ile ya jina lake, tena akaitaka nikiwa nimemwangalia yeye. Baba akasema, "Mimi siongei hivyo," kwa sauti ileile, wazee wakaanguka tena. Na kutoka jikoni, mwenye siri yake akapaza sauti: "Baba yako hukohoa mara mbili!"

Nilikohoa mara mbili. Nilifanya onyesho hilo mara saba. Jirani alikuja kuuliza kama kuna sherehe, akaletewa kiti.

Nilipofika nyumbani nimesoma mtandaoni chanzo cha kosa langu. Hizi laptop mpya hazipendi gemu za zamani ziandike chochote kwenye folda zake, lakini haziambii. Zinajifanya zimekubali, kisha zinaficha nakala mahali pengine kimyakimya. Ukifungua gemu kwa ruhusa kubwa, inasoma sauti za dada wa kwaya. Baba akibofya kama binadamu wa kawaida, inasoma zilizofichwa, yaani mimi. Nilifuta uchafu sebuleni, kumbe mwingine uko chini ya zulia.

Kabla sijaondoka niliifungua tena kwa ruhusa kubwa, kama Alhamisi, na dada wa kwaya akasikika. Baba akakataa. "Huyo dada wa kwaya anaongea vizuri," akasema, "lakini huyo hajawahi kuendesha gari. Rudisha ile ya kabichi." Nikamrudishia. Akashika kipanya, akafungua milango, akanisikiliza nikikohoa, akatikisa kichwa, akaliondoa gari Longonot akiwa amechelewa dakika kumi na nne, wazee wawili wakiwa nyuma yake wanabishana kona ya Naivasha iko upande gani. Nikiwa mlangoni navaa viatu, honi ya kweli ikalia kule stesheni. Nilimngoja aulize ni ya saa ngapi. Hakugeuka, alikuwa kazini.

Sasa niwaombe mambo mawili. Msicheke. La pili, Mzee Njoroge amesema anataka haki yake: Jumamosi ijayo akija, akute twiga amesimama kwenye reli pale Longonot, kwa sababu ameandika habari zake miaka mingi na hajawahi kumwona. Mwenye picha ya twiga iliyopigwa kutoka ubavuni anitumie, na kama ana kabichi mdomoni itakuwa vizuri zaidi.